Darasa lilichoka na ziara ya mtandaoni ya Wamaya. Nilikosea wapi?

SWALI

"Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi mkoani Morogoro. Nina wanafunzi 46, kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima. Mwezi uliopita niliwapeleka kwa njia ya mtandao kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia kule Mexico City, kupitia ile huduma inayokuwezesha kutembea ukumbini kana kwamba upo. Nilitaka wajifunze ustaarabu wa kale wa Wamaya. Dakika kumi za kwanza walishangilia, hasa nilipowaonyesha lile jiwe kubwa la duara, kalenda ya Wamaya. Baada ya hapo zikawa kelele tupu: mwalimu rudi, mwalimu nenda kule. Kisha bando likakata. Mtoto mmoja akauliza, 'Mwalimu, hao watu walikufa wote?' Nikamjibu kwamba walitoweka na hakuna anayejua sababu. Mwingine akauliza kama ni kweli walikuwa wanachinja watu, nikabadilisha mada. Wiki iliyofuata mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba nawafundisha watoto miungu ya kipagani. Mwalimu mwenzangu anasema ziara hizi ni sinema tu, na kwamba ningeanza na historia ya kwetu. Nimevunjika moyo. Je, mtoto anajifunza kitu kweli kwa njia hii? Na nikirudia, nifanyeje?"

JIBU

Mwalimu, pole kwa purukushani, na hongera kwa kuthubutu. Darasa la watoto 46 na mashine moja si jambo dogo, na wewe ulilibeba peke yako.

Nikisoma barua yako naona hofu mbili zimefungwa kwenye furushi moja. Ya kwanza ni kama kioo cha kompyuta kinaweza kufundisha. Ya pili, na nadhani ndiyo iliyokuuma zaidi, ni kwamba watoto walikuuliza maswali mazuri na wewe hukuwa na la kuwajibu. Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu ukiwa na majibu mkononi, kioo chenyewe kinakuwa chombo tu kama ubao.

Kwanza lile jiwe la duara. Si la Wamaya. Ni Jiwe la Jua la Wameksika, watu ambao wengi tunawajua kwa jina la Waazteki. Lilifukuliwa mwaka 1790 katikati ya Mexico City, na kipenyo chake ni kama mita 3.6. Limekaa katika ukumbi wa Wameksika, na Wamaya wana ukumbi wao tofauti katika jengo hilohilo. Ukiwa pale kwa miguu, unapita mlango na kusoma kibao kinachokwambia umeingia kwa watu wengine. Kwenye kioo unabofya mshale mara mbili na umeshavuka bila kujua. Usijilaumu, kosa hili limechapwa hata kwenye fulana za watalii. Lakini lirekebishe mbele ya darasa, kwa sababu tofauti ni kubwa: mji wa Tikal, wa Wamaya, ulikuwa katika kilele chake miaka ya 700, na Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulianguka mikononi mwa Wahispania mwaka 1521. Kati yao kuna karne nyingi na mamia ya kilomita. Mwalimu anayesema "wanangu, juzi nilikosea, leo nimeangalia vizuri" anawafundisha watoto namna historia inavyofanyika.

Sasa la kutoweka. Mwalimu, hili ndilo ningependa ulirekebishe hata kama hutafanya ziara nyingine maishani. Wamaya hawakutoweka. Wapo leo, mamilioni yao, kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize, na baadhi Honduras. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya: K'iche', Mam, Q'eqchi', Kaqchikel na nyinginezo. Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, ni Mmaya wa K'iche'. Kilichotokea ni kwamba katika miaka ya 800 na 900 miji mikubwa ya nyanda za kusini iliachwa mmoja baada ya mwingine. Sababu zake hazikuwa za kimiujiza: vita kati ya miji, vipindi virefu vya ukame, ardhi iliyochoka kwa kulimwa, na watu waliokosa imani na wafalme walioahidi mvua, nayo isinyeshe. Watu walihama. Kaskazini, Chichén Itzá ikastawi, na baadaye Mayapán. Ufalme wa mwisho wa Wamaya uliokuwa huru, ule wa Waitza, kwenye kisiwa cha Nojpetén ndani ya ziwa huko Guatemala, ulitekwa na Wahispania mwaka 1697. Mwaka huo huo, huku kwetu, Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa imezingirwa na Waomani. Ukiwaambia watoto hivyo, Wamaya wanatoka kwenye ukungu wa "hapo zamani za kale" na kuingia kwenye historia wanayoifahamu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu sisi tumeonja uchungu wake. Kwa muda mrefu wageni waliandika kwamba Zimbabwe Kuu haikujengwa na Waafrika, na kwamba Kilwa na Gedi ni kazi ya watu kutoka ng'ambo tu. Wamaya nao wamefanyiwa hivyo. Ukitafuta mtandaoni jina la mfalme Pakal wa Palenque, mji wa kale wa Wamaya, kabla hujafika mbali utakutana na mtu anayedai kifuniko cha kaburi lake kinaonyesha rubani wa chombo cha angani. Kinamwonyesha mfalme akiwa kati ya kifo na kuzaliwa upya, na mti wa dunia ukimea juu yake. Mtu akisema mahekalu ya Wamaya yalijengwa na viumbe wa sayari nyingine, anawanyang'anya wajukuu kazi ya mikono ya babu zao. Vivyo hivyo na ile habari ya mwisho wa dunia mwaka 2012: tarehe 21 Desemba ya mwaka ule mzunguko mmoja mrefu wa kalenda yao ulikamilika na mwingine ukaanza, kama odometa ya gari, ile namba ya kilomita, inavyogeuka.

Haya, tuje kwenye kioo.

Mwenzako anayesema ziara hizi ni sinema tu amesema nusu ya kweli. Zikifanywa kama ulivyofanya, na kama wengi wetu tulivyofanya mara ya kwanza, ni sinema, tena sinema isiyo na hadithi. Mtoto akiingia makumbusho kwa miguu yake, miguu ndiyo inayochagua. Anasimama panapomvuta, anainama, anamwita rafiki yake, anarudi nyuma kulinganisha. Mwili wake unampimia ukubwa wa vitu: hiki kinanizidi, hiki kinaingia kiganjani. Mbele ya projekta, mkono mmoja ndio unaochagua, nao ni wako. Macho 92 yanafuata kile kinachosogea, kwa kuwa jicho la binadamu limeumbwa kufuata kinachosogea, na picha inapoyumba kutoka ukumbi hadi ukumbi, akili ya mtoto inatumia nguvu zake zote kujua "sasa tuko wapi". Haibaki nguvu ya kukitazama kitu chenyewe. Juu ya hayo, ukubwa unapotea: ushanga na mnara vinajaa ukuta sawasawa. Zile kelele za "mwalimu rudi, mwalimu nenda kule" hazikuwa utovu wa nidhamu. Walikuwa wanaomba miguu yao.

Kwa hiyo dawa ni kuacha kutembea. Chagua kitu kimoja, simama nacho dakika 30, na wape watoto kazi ya mikono inayotokana na kitu hicho. Ukipata vipindi vitatu, vitu vitatu. Kioo kina uwezo mmoja ambao hata aliye Mexico City hana: kinakuruhusu kukisogelea kitu hadi uone chembe zake, bila mlinzi kukwambia urudi nyuma. Utumie huo.

Ningekuwa mimi, ningeanza na maandishi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu mtoto anayesoma Kiswahili ana bahati ambayo mtoto wa Kiingereza hana.

Wamaya waliandika kila walichoweza kutamka. Alama zao zinazojulikana ni kama 800, nyingine zikisimama kwa neno zima na nyingine kwa silabi: ba, ka, la, ma. Mwandishi alikuwa na hiari. Neno balam, yaani jagwa, yule mnyama wa jamii ya chui, angeweza kulichora kama kichwa cha jagwa, au kuliandika kwa silabi tatu, ba-la-ma, irabu ya mwisho ikinyamaza. Sasa wewe, mwalimu wa watoto waliojifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu, unaona ninakoelekea. Wanafunzi wako walishaufahamu msingi wa mwandiko huu darasa la kwanza.

Wasomi wa Ulaya walihangaika kuufahamu. Katika karne ya 16, mtawa Mhispania Diego de Landa, ambaye mwaka 1562 alichoma vitabu vya Wamaya katika mji wa Maní, alimtaka mwandishi wa Kimaya amwandikie alfabeti. Landa akatamka "be", akimaanisha herufi B. Yule Mmaya, ambaye kwake herufi hazikuwapo, akaandika silabi be, kwa alama yenye wayo wa mguu, kwa kuwa be kwa lugha yake ni njia. Wakaendelea hivyo, kila mmoja akidhani mwenzake ni mgumu wa kuelewa. Mwishowe alipotakiwa aandike sentensi, Mmaya akaandika: ma in kati. Maana yake, "sitaki". Simulia hili darasani kwa sauti mbili, ya mtawa na ya mwandishi, kisha nyamaza. Watacheka, halafu mmoja atauliza kwa nini alikuwa hataki, na somo limeanza. Orodha ile ya Landa ilikaa karne kadhaa ikidhaniwa ni upuuzi, hadi mwaka 1952 msomi wa Kisovieti, Yuri Knorozov, alipoonyesha kwamba zilikuwa silabi.

Kwa kitu cha kutazama, tafuta picha ya chungu cha kakao cha Río Azul, kilichofukuliwa Guatemala mwaka 1984. Kina mpini juu, na kifuniko chake kinafungwa kwa kuzungushwa kama cha chupa ya maji. Ubavuni kimeandikwa matumizi yake, na maabara ilipopima mabaki yaliyomo ikakuta kweli ni kakao. Mwonyeshe mtoto alama ya samaki: hiyo ni ka. Neno kakaw huandikwa ka-ka-wa, na mara nyingi mwandishi hakuona haja ya kuchora samaki mara mbili, akaweka nukta mbili ndogo pembeni, maana yake "rudia". Ni kama vitabu vyetu vya nyimbo vinavyoweka x2 mwisho wa kibwagizo. Na neno lenyewe, kakao, limesafiri kutoka huko hadi kwenye kopo lililoko dukani.

Kisha wape kalamu. Chati za silabi za Kimaya zinapatikana bure mtandaoni. Chapa moja kwa kila kundi la watoto watano. Salima ataandika sa-li-ma, Musa ataandika mu-sa. Neno kalamu linaandikika lote: ka-la-mu. Rehema na Daudi watakwama, kwa sababu Kimaya cha maandishi yale hakikuwa na r wala d, kama kisivyokuwa na f, g, v na z. Usiwasaidie haraka. Waache waamue wenyewe sauti ipi iko karibu, maana uamuzi huohuo ndio waandishi hufanya kila jina geni linapofika mjini. Nimewahi kukaa na kundi la watoto waliogombana robo saa kama Rehema awe Lehema au abaki bila kichwa. Sijapata kuona watoto wakizijali sauti za lugha yao kiasi kile.

Ukitaka kuwaonyesha kitabu chenyewe, vya kabla ya Wahispania vimebaki vinne tu duniani. Kilicho mashuhuri zaidi kipo Dresden, Ujerumani, na maktaba yake imekiweka chote mtandaoni. Ni utepe mrefu wa mita tatu na nusu uliokunjwa kama feni, wa karatasi iliyotengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mkuyu na kupakwa chokaa nyeupe. Waganda wanatengeneza nguo ya lubugo kwa gome la mti wa jamii hiyohiyo. Ndani yake kuna hesabu za sayari ya Zuhura na za kupatwa kwa mwezi na jua. Watoto wanaweza kukunja chao kwa karatasi za daftari na gundi ya unga.

Kitu cha pili kiwe namba, na hapa sitakaa sana kwa kuwa ni rahisi na hakishindwi. Wamaya walihitaji alama tatu tu: nukta ni 1, mstari ni 5, na umbo la kome ni sifuri, sifuri waliyoitumia karne nyingi kabla haijafika Ulaya. Walihesabu kwa ishirini, vidole vya mikono na miguu. Kwa K'iche' cha leo neno winaq maana yake mtu, na 20 ni juwinaq, kana kwamba unasema "mtu mmoja". Namba hupangwa kutoka chini kwenda juu. Darasa lako la watoto 46 ni ishirini mbili na sita: juu nukta mbili, chini mstari mmoja na nukta moja juu yake. Wapeleke nje, wapange kwa mawe na vijiti. Kisha waulize mtoto mmoja asipokuja kesho, jiwe gani litaondoka.

Cha tatu, Pakal. Alizaliwa mwaka 603 na kuvikwa taji mwaka 615, akiwa na miaka 12, karibu umri wa wanafunzi wako. Ndani ya jumba la kifalme la Palenque kuna jiwe la mviringo linalomwonyesha akiwa amekaa juu ya kiti cha jagwa wa vichwa viwili, na mama yake, Sak K'uk', akimkabidhi taji. Alitawala hadi alipofariki mwaka 683. Kaburi lake, chini kabisa ya Hekalu la Maandishi, liligunduliwa na Alberto Ruz Lhuillier mwaka 1952, na barakoa aliyozikwa nayo iko katika makumbusho yaleyale uliyoyatembelea, kwenye ukumbi wa Wamaya. Isogelee polepole. Ni vipande vingi vya jiwe la kijani liitwalo jedi vilivyounganishwa kimoja kimoja, na macho ya kome na kioo cheusi cha volkano. Iliibwa usiku wa Krismasi ya 1985 na kupatikana mwaka 1989, na ukisimulia wizi huo utapata ukimya ambao hukuupata mwezi uliopita. Swali la kuwaachia: ungevikwa taji leo, nani angekuwa wa kwanza kukukabidhi, na ungemwogopa nani?

Tatizo la ukubwa litibu kwa kamba. Kule Quiriguá, Guatemala, kuna mnara wa jiwe moja ambao wataalamu wanauita E, uliosimamishwa mwaka 771. Pamoja na sehemu iliyofukiwa ardhini, urefu wake unazidi mita 10. Pimeni mita 10 uwanjani, watoto walale juu ya kamba kichwa kwa miguu, wahesabu wamehitajika wangapi. Halafu waambie kwamba jiwe hilo lilichongwa bila shoka wala patasi ya chuma, na kuvutwa bila ng'ombe wala punda, kwa kuwa wanyama hao hawakuwapo kule.

Sasa swali ulilolikwepa, la kuchinja watu. Mtoto akiuliza, mjibu. Ukikwepa, atakwenda kutafuta kwenye simu ya kaka yake na atakuta damu tupu bila maelezo. Ukweli ni kwamba wafalme na malkia walijitoa damu yao wenyewe katika ibada, na mateka wa vita, hasa wa ukoo wa kifalme, waliuawa mara nyingine. Waliamini kwamba miungu ilitoa uhai wake ili mahindi na watu wawepo, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kitu chenye thamani kuliko vyote. Mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa maneno hayo, na hahitaji picha. Chunga: Makumbusho ya Uingereza, London, yana mawe mazuri mno kutoka Yaxchilan, mji wa kale wa Wamaya huko Meksiko, na moja, lenye tarehe ya mwaka 709, linamwonyesha malkia K'abal Xook akipitisha kamba ya miiba kwenye ulimi wake. Lione kwanza wewe mwenyewe. Kwa darasa la tano ningelipita. Kwa kidato cha pili ningelionyesha, tena ningewauliza pia kwa nini jiwe la Meksiko liko London. Alilichukua Mwingereza Alfred Maudslay mwanzoni mwa miaka ya 1880. Nakala za plasta alizochukua za mawe mengine zimepigwa picha za pande zote na kuwekwa mtandaoni, na nyingine zinaonyesha maandishi ambayo mvua imeshayafuta kwenye jiwe halisi. Watoto wabishane wenyewe uzito wa mambo hayo mawili.

Yule mzazi usimwone adui. Amesikia neno "miungu" kutoka kwa mtoto aliyekumbuka nusu ya somo. Muite, mkaribishe akae kipindi kizima nyuma ya darasa. Mwambie kujua watu waliamini nini si kuabudu, kama vile tunavyosoma habari za Farao bila kumwabudu. Safari ijayo peleka barua fupi nyumbani wiki moja kabla, ukitaja vitu vitatu mtakavyotazama. Wazazi wengi hukasirishwa zaidi na kushtukizwa kuliko na somo lenyewe. Akiendelea kukataa, mhusishe mwalimu mkuu mkae watatu, usilibebe kwa barua wala kwa simu.

Kuhusu bando, fanya ziara yako peke yako usiku, piga picha za skrini, ziweke kwenye kompyuta, na siku ya kipindi usiguse intaneti kabisa. Umeme ukiwa wa wasiwasi, picha tatu za rangi zilizochapwa kwa karatasi kubwa na kubandikwa ukutani zitakupa karibu kila kitu nilichokieleza, na nasema hivyo kwa moyo mweupe ingawa kazi yangu ni hizi ziara za mtandaoni. Utakachokosa ni kusogelea na kuzungusha.

Lipo jambo moja la pembeni ambalo projekta huwa inalifichua. Mtazame mtoto anayekaza macho, anayesogea mbele kila mara, anayesubiri mwenzake aseme kinachoonekana ndipo acheke. Huyo mara nyingi haoni vizuri, na amekuwa akiitwa mzito. Zungumza na mzazi wake apelekwe akapimwe macho, hata kabla ya somo lingine. Vilevile, ikiwa mtoto amekosa usingizi kwa hofu ya habari za damu na hali hiyo inaendelea wiki hadi wiki, usitosheke na kumwambia asiogope. Mkutanishe na mwalimu wa ushauri na mzazi, kwa sababu huenda hofu hiyo ilikuwapo kabla ya Wamaya.

Na ziara ya mtandaoni isiwe mbadala wa ile ya miguu. Kutoka Morogoro, magofu ya Kaole pale Bagamoyo hayako mbali sana kwa basi la shule: msikiti wa mawe ya matumbawe, makaburi yenye minara, chokaa iliyochomwa na kupakwa kwa mkono. Mtoto aliyekwisha kutazama picha moja ya Palenque kwa nusu saa atakapofika Kaole atajua namna ya kusimama mbele ya ukuta. Mkiweza kwenda, ulizeni kabla kama mtapata mtu wa kuwaongoza. Makumbusho mengi yana afisa elimu ambaye kazi yake ni watoto kama wako.

Imebaki hoja ya mwenzako, kwamba ungeanza na ya kwetu. Nakubaliana naye, lakini sidhani kama itakulazimu kuchagua. Mahindi tunayosonga ugali yalitokana na nyasi ya porini iliyoendelezwa na wakulima huko kusini-magharibi mwa Meksiko, kama miaka 9,000 iliyopita, na yalivuka bahari kuja Afrika baada ya mwaka 1500. Wamaya wa K'iche' wanasimulia kwamba binadamu wa kwanza waliumbwa kwa unga wa mahindi. Na mpaka leo katika shamba la Kimaya mahindi, maharage na maboga hupandwa pamoja: bua linakuwa mti wa kupandia maharage, majani ya boga yanafunika ardhi isikauke. Tofauti iko jikoni. Wao huchemsha mahindi na maji ya chokaa kabla ya kusaga, na hivyo kufungua vitamini ambayo bila hivyo mwili hauipati; watu wanaoishi kwa mahindi matupu bila njia hiyo wanaweza kupata ugonjwa wa pelagra. Hilo waeleze tu kwa maneno, usilijaribu darasani, maana chokaa inaunguza.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuwasha projekta, ingia na vitu vitatu mfukoni: punje za mahindi, maharage na mbegu za boga. Viweke mezani, uwaulize ni shamba la nani nyumbani lina vitu hivi vyote kwenye tuta moja. Morogoro, mikono mingi itanyooshwa. Waache waeleze nani hupanda, nani hupalilia, kipi hutangulia kuota. Wakimaliza, funga mapazia na ufungue picha ya kwanza.